Siku moja kwenye kliniki ya moyo, Unguja

Saa 1:30 asubuhi. Mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo, inakaguliwa kabla ya mgonjwa yeyote: karatasi ipite milimita 25 kwa sekunde, milivolti moja ipande milimita 10.

Saa 2:15. Bibi wa Makunduchi, moyo unampapatika usiku. "Shikamoo bibi. Hebu tukupanguse kifua kidogo." Mafuta ya nazi na jasho hulegeza elektrodi, mstari ukatikisika, na mtikisiko huo ukasomwa kuwa ugonjwa. Pangusa kwa spiriti, acha pakauke, ndipo ubandike. Elektrodi ya V1 nafasi ya nne baina ya mbavu, kulia kwa mfupa wa kidari; V2 mkabala wake, kushoto; V4 nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga.

Mawimbi ya P, alama ya vyumba vya juu kupiga, hayapo, na masafa baina ya mapigo hayalingani: fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo. Hapa usipime mapigo mawili tu. Hesabu yote ya sekunde 10, zidisha kwa 6. Yamefika 19, yaani 114 kwa dakika.

Saa 4. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na hapa hatuna haraka. Ukuta baina ya vyumba viwili vya juu unang'aa, mnene. Ukiutazama kutokea ncha ya moyo, mawimbi ya sauti huenda sambamba nao, baadhi ya sehemu zikapotea. Bibi akunje magoti tumbo lilegee, avute pumzi aizuie. Kichwa cha mashine kiwekwe chini ya mfupa wa kidari. Sasa unaonekana wote: unene umepita sentimita 2, ila katikati pamebaki pembamba, mfano wa chuma cha kunyanyulia uzito. Ni mafuta yaliyojirundika bila ganda. Lipoma yenyewe, uvimbe wa mafuta, ina ganda lake. Miksoma, uvimbe wa moyo ambao ndio tunaouhofia, kwa kawaida huning'inia kwa kikonyo kutoka hapo hapo pembamba. Kukiwa na shaka, picha ya CT huamua: mafuta husoma chini ya hasi 50 za Hounsfield, kipimo cha msongamano wa tishu.

Saa 6:30, adhuhuri. Foleni inasimama kwa sala.

Saa 8. "Bibi, hii si saratani."

"Alhamdulillahi. Mtanipasua?"

Hapana. Kisu ni pale mafuta yanapoziba njia ya damu, au mapigo yanaposhinda dawa. Hapo ni boti hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kinachotibiwa leo ni mapigo, na hatari ya damu kuganda moyoni ikapanda kichwani. Akipewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikae baina ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu asiache, ale kiasi kile kile kila wiki. Diklofenaki ya maumivu ya magoti asinunue dukani: pamoja na warfarini humwaga damu tumboni.