Kumbukumbu ya mradi wangu: fomu ya mawasiliano na barua zisizofika

Wiki ya kwanza. Fomu yenyewe, ya wageni wa tovuti yangu kuniandikia, haikunichukua muda: jina, anwani ya barua pepe, ujumbe na kitufe cha kutuma. Skripti (programu fupi) ya PHP, lugha ya programu zinazoendeshwa kwenye seva, ilipokea data na kuikabidhi kwa mail(), amri ya PHP ya kutuma barua, nayo ilirudisha jibu la "kweli" kila nilipojaribu, nikaamini kwamba ujumbe umefika.

Wiki ya pili. Haukuwa umefika. Nilipofungua kumbukumbu za seva ndipo nilipoelewa kwamba jibu lile lina maana moja tu, kwamba programu ya barua iliyomo ndani ya seva imekubali kuusafirisha ujumbe. Yanayotokea baada ya hapo PHP haiyajui. Seva ya mpokeaji ilikuwa imejibu kwa namba 550, yaani imeikataa barua moja kwa moja. Kisa chake ni kwamba niliweka anwani ya mgeni aliyejaza fomu kwenye mstari wa From (mtumaji), ilhali kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @, kimetangaza kwa rekodi ya DMARC, sera ya kikoa kuhusu barua zinazotumia jina lake, kwamba barua inayodai kutoka kwake bila uthibitisho wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma) au DKIM (saini ya kidijitali) ikataliwe. Naliona sharti hilo kuwa la haki, kwa sababu bila hilo yeyote angeweza kuandika kwa jina la mwingine.

Sasa From ina anwani ya kikoa changu, na anwani ya mgeni imehamia Reply-To, mstari unaosema jibu liende wapi. Nimeachana na mail(), natumia PHPMailer, maktaba ya PHP ya kutuma barua, kupitia SMTP (itifaki ya kusafirisha barua pepe) kwenye mlango 587, na nenosiri nimeliweka katika faili lililo nje ya folda ya umma.

Wiki ya tatu. Nilirudi kwenye skripti ya awali kuipima. Katika sehemu ya anwani nilipenyeza alama ya mstari mpya, kisha "Bcc:" (nakala ya siri) na anwani yangu ya pili. Nakala ikafika huko. Mtuma taka angeweza kuweka mamia ya anwani pale, kama ilivyowapata wengi waliotumia FormMail, skripti iliyoenea tangu miaka ya 1990. Sasa kila anwani inapitia FILTER_VALIDATE_EMAIL, kichujio cha PHP kinachokagua muundo wa anwani, na jina lenye mstari mpya linakataliwa kabla ya lolote kutumwa.

Dhidi ya roboti nimeongeza sehemu iliyofichwa ambayo binadamu haioni. Ikijazwa, ujumbe hautumwi. Bado sijaweka saini ya DKIM. Jana nilibonyeza "Jibu" kwenye ujumbe wa majaribio, na jibu likaenda kwa mgeni.