Leo binti yetu amechagua PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati)

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, mtoto wa kaka yangu amekuwa akiitwa daktari na ukoo mzima, kwa kuwa alifaulu vizuri masomo yote ya sayansi.

Kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, alikuwa amejaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kama chaguo lake la kwanza, jambo ambalo sote tulilitarajia. Leo mchana, muda wa kubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ukiwa bado haujaisha, aliniomba nimsindikize steshenari.

Alipofungua akaunti yake hakubonyeza chochote.

Alitoa mkobani daftari la Hisabati, ambalo kurasa zake zilikuwa zimechakaa kwa kufutwafutwa na swali moja limerudiwa mara kadhaa hadi jibu likapatikana na kupigiwa mistari miwili. Akaniambia, "Shangazi, Biolojia naikariri tu, lakini hii naipenda."

Nilimweleza kwamba Hisabati ya kidato cha tano ni nzito kuliko ile aliyoizoea, na kwamba bila Biolojia hataweza kuomba udaktari chuo kikuu. Alinijibu kwa utulivu kwamba anayajua hayo yote, na kwamba anataka uhandisi wa umeme.

Akabadilisha, akahifadhi, kisha akashusha pumzi ndefu. Nilijivunia sana ujasiri wake.

Kesho tutamweleza baba yake pamoja.

Ndugu zangu mliosoma PCM, hasa akina dada, muhula wa kwanza mliukabili vipi? Tafadhali mwandikieni hapa, nitamsomea kila jibu.