Ng'ombe na ngoma ndani ya "longest"

Tunapotaka kusema kwa Kiswahili kwamba kitu kimevipita vingine vyote, tunaongeza maneno: kirefu kuliko vyote, kirefu kabisa. Kiingereza humaliza kazi hiyo kwa kiambishi tamati kifupi, "-est", na ufupi huo ndio unaotuponyoka. Nilifundishwa kukitamka kama mwisho wa neno "test", nami nikaendelea hivyo miaka mingi. Waingereza hawakitamki hivyo. Irabu yake ni hafifu, karibu na "i" fupi, na wengine huilegeza hata isifanane na irabu yoyote kati ya zetu tano. Ndiyo maana "purest", yaani safi kuliko zote, na "purist", mtu anayetetea usafi wa lugha, wengi wao huyatamka sawasawa.

Tatizo kubwa zaidi ni irabu tunayoiongeza baada ya "t". Kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, anayesema "bigesti" huuhamisha kutoka kwenye mzizi na kuupeleka kwenye kiambishi, ambacho katika Kiingereza hakiubebi kamwe. Hata asiyeongeza irabu hunaswa na "happiest", akaikaza silabi ya kati badala ya ile ya kwanza.

Ninalolipenda zaidi, hata hivyo, ni suala la "ng". Neno "long" huishia kwa sauti ya ng'ombe, lakini "longest" lina sauti ya ngoma, kwa maana "g" isiyosikika katika neno la msingi hujitokeza mara kiambishi kinapofika. "Strong" na "young" hufuata njia hiyohiyo, ilhali "singer", mwimbaji, ambalo limetokana na kitenzi, hubaki na sauti ya ng'ombe. Maandishi ya Kiingereza hayaionyeshi tofauti hii hata kidogo, nayo huwatatiza wageni wengi; sisi tumeizoea tangu utotoni, na tunaiandika kwa ritifaa. Kwa hiyo, ninapomsaidia mdogo wangu kusoma, humwambia aandike pembeni mwa daftari "long'", na chini yake "longgist", kwa "g" mbili ili ya pili isisahaulike, kisha ayasome yote mawili kwa sauti, mkazo ukibaki mwanzoni.