Kilo 3,500: kumbukumbu ya gari-nyumba letu la kwenda Marseille

Februari 8

Gari limeegeshwa mbele ya nyumba tangu jana jioni, na Mama ameshalizunguka mara tatu. Ni Fiat Ducato la mwaka 2008, dizeli, lita 2.3, na mgongoni limejengewa nyumba nzima: jiko, kitanda cha kudumu, choo, meza, na viti vinne vyenye mikanda. Hiyo mikanda niliiulizia kabla ya bei, maana yako magari ya aina hii yenye vitanda vinne na mikanda miwili, na sisi tuko wanne: Mama, mke wangu, binti yetu wa miaka tisa na mimi.

Tunampeleka Mama kwa dada yangu. Dada ameolewa Marseille na Mngazija, mji ule una Wangazija wengi mno, na mtoto wake wa mwisho sasa anakimbia bila bibi yake kumtia machoni. Ndege Mama hapandi tena. Alipasuliwa sikio na daktari amemkataza. Gari dogo nalo, saa mbili tu magoti yamevimba. Kwa hiyo nikatafuta gari ambalo kitanda na choo viko hatua nne kutoka alipokaa. Tunaishi Leicester, tunatarajia kuondoka shule zikifunga mwezi wa Julai. Naandika haya ili ndugu aliyeko Ulaya na mzazi wa hali hii apate pa kuanzia.

Februari 23

Nimekuta maji ukutani. Pembeni mwa kitanda, juu kabisa kwenye kona, ukibonyeza kwa kidole gumba ukuta unaingia ndani kama mkate uliolowa. Kipima unyevu kikasoma 26. Chini ya 15 hesabu ukuta mkavu. Ukivuka 20, tafuta maji yanapitia wapi.

Nikapanda ngazi nikafungua taa ndogo ya kona kwa nje. Skrubu ya kwanza na ya pili zilitoka kavu. Ya tatu ilipolegea, yalitoka matone ya rangi ya chai, yakanitiririka kwenye mkono hadi kiwikoni, na yalikuwa baridi na yana harufu ya mbao iliyooza. Gundi ya zamani iliyozunguka taa ilikuwa imekauka na kupasuka, ufa mwembamba kama uzi. Basi maji yote yalipita humo.

Nilikwangua gundi yote kwa kisu cha plastiki (cha chuma kitachubua bati), nikaacha tundu wazi ndani na kuwasha mashine ya kukausha hewa usiku na mchana. (Naongeza hapa katikati ya Machi.) Siku 19 baadaye kipimo kimeshuka hadi 14. Nimerudisha taa kwa utepe wa butili chini yake na gundi ya Sikaflex kuzunguka, na nimekagua kila taa, kila dirisha la paa na kila kiungo. Ukienda kununua gari-nyumba kuukuu, nenda na kipima unyevu mfukoni. Injini fundi yeyote ataitengeneza, lakini mwili uliooza hutapata wa kukutengenezea kwa bei unayoimudu.

Machi 22

Matairi. Yalionekana mapya, hayajalika hata kidogo. Lakini ubavuni, mwisho wa herufi DOT, kulikuwa na 3214: yametengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014. Magari haya husimama miezi mingi, tairi linazeeka pale pale liliposimama. Nimeweka manne mapya yenye alama ya CP, ambayo ni ya magari ya kulala. Fundi amebadilisha na mkanda wa taimingi, kwa sababu kwenye makaratasi hakuna popote palipoandikwa kwamba uliwahi kubadilishwa.

Aprili 12

Leo ndiyo siku iliyonifunza zaidi kuliko zote.

Gari hili limeruhusiwa kilo 3,500, mzigo na watu pamoja. Leseni yangu ya Uingereza niliipata mwaka 2009, na waliofaulu kuanzia Januari 1, 1997 huruhusiwa kilo 3,500 basi, mpaka wafanye mtihani mwingine. Ufaransa nako zaidi ya hapo ni leseni ya gari zito. Tukapakia kila kitu kama vile tunaondoka, tangi la maji likajaa lita 100, wote wanne tukapanda, tukaenda kwenye mizani ya malori.

Kilo 3,610. Ekseli ya mbele 1,550, ambayo inaruhusiwa 1,850. Ya nyuma 2,060, na mwisho wake ni 2,000.

Tumezidisha kilo 110, na ubaya zaidi uko nyuma, pale pale matairi yanapobeba choo, maji na kitanda. Hapo breki huchelewa na tairi hupasuka, na ajali ikitokea bima ina sababu ya kukukataa. Tulirudi kimya. Njiani Mama akauliza taratibu, “Mwanangu, ni mimi niliyezidisha?” Nikasimamisha gari. Nikamwambia, “Mama, gari hili limenunuliwa kwa ajili yako. Kitakachoshuka ni vitu.”

Jioni tumetoa kila kilichomo kabatini na kukipima kwa mizani ya jikoni, binti anaandika daftarini. Maji tutasafiri nayo lita 20 tu, zinatosha choo na chai. Hizo ni kilo 80 zimeshuka mara moja. Ufaransa kuna vituo vya magari haya, wao huviita aire, hata katika vijiji vidogo: unajaza maji safi, unamwaga machafu, unasafisha kaseti ya choo (kisanduku cha uchafu kinachochomolewa), mara nyingi kwa euro chache au bure. Betri mbili za risasi, kilo 25 kila moja, nazibadilisha kwa moja ya lithiamu ya kilo 12. Mtungi wa pili wa gesi unabaki nyumbani, kilo 15. Makopo ya maharage, mchele kilo kumi na sahani za udongo navyo vinabaki. Maduka yako huko.

Kilichobishaniwa ni mbuzi ya kukunia nazi. Mama alikuja nayo kutoka Unguja, ya mti wa mfenesi, na Dada ameiomba kwa miaka. Kilo tatu na robo. Nimeiandika “kusubiri”.

Mei 3

Makaratasi ya Mama. Ana pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa Uingereza, na ukaazi huo haumfungulii Ufaransa. Lazima viza ya Schengen. Ada ni euro 90, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Swali gumu lilikuwa la malazi: utaandika nini wakati unalala garini? Dada alikwenda ofisi ya meya akachukua attestation d'accueil, hati ya mwenyeji, yenye stempu ya euro 30. Nimeambatanisha hati hiyo, kadi ya gari, na karatasi inayoonyesha tutalala wapi kila usiku wa njiani. Ombeni mapema jamani, msingoje mwezi wa mwisho.

Mei 25

Viza ya Mama imetoka, alhamdulillahi. Sasa njia.

Tunavuka Newhaven kwenda Dieppe, saa nne hivi baharini. Wengi hupita Dover na Calais kwa sababu ni saa moja na nusu, lakini Dieppe inatuweka karibu zaidi na kusini, tunashuka Rouen, Chartres na Orléans bila kuigusa Paris. Kutoka Orléans ni A71 ya kulipia mpaka Clermont-Ferrand. Halafu A75, barabara kuu ya kupanda milima hadi zaidi ya mita 1,100, na ni bure yote isipokuwa daraja la Millau. Daraja hilo lilifunguliwa Desemba 2004, lina urefu wa mita 2,460, na kilele chake hufika zaidi ya mita 330 kutoka bondeni. Mama anataka kuliona kutoka chini kwanza, kwa hiyo usiku mmoja ni Millau. Binti yeye anataka volkano: Puy de Dôme, mita 1,465, na kuna treni ya meno inayofika juu, magoti ya bibi yasihangaike.

Hatutazidi kilomita 250 kwa siku. Usiku miwili tutalala mashambani kupitia France Passion, mpango ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima hukaribisha magari-nyumba usiku mmoja bila malipo. Nimechagua wa jibini na wa asali, wa mvinyo nimewaruka.

Kimo nacho kina gharama. Kwenye vibanda vya kulipia, gari la mita mbili hadi chini ya tatu ni kundi la 2; likifika mita tatu ni la 3, na bei inapanda. Nimepima na paneli ya sola ikiwa juu: mita 2.94. Dishi la televisheni nililoahidiwa bure nimelikataa. Kimo nimekiandika kwenye kadi mbele ya usukani, kwa sababu viegesho vingi vya ufukweni huko vina chuma cha kuzuia kwenye mita mbili.

Kibandiko cha Crit'Air, kinachoonyesha gari linachafua hewa kiasi gani, nimeagiza; dizeli ya kiwango cha moshi cha Euro 4 kama yetu ni namba 3. Maeneo yanayokidai yamebishaniwa sana bungeni kwao, kwa hiyo nitaangalia upya wiki ya kuondoka. Fulana za kung'aa nne, pembetatu, na vibandiko vya taa ili zisiwamulike wanaokuja. Mimi tangu Unguja hadi hapa nimeendesha kushoto tu, na Ufaransa ni kulia, basi mke wangu atakaa kushoto, anisomee mzunguko kabla hatujaingia na alipe vibandani, maana dirisha la malipo litakuwa upande wake.

Juni 21

Mizani tena. Wote wanne, nguo, chakula cha siku mbili, maji lita 20, dizeli tangi zima.

Mbele 1,540. Nyuma 1,920. Jumla 3,460.

Binti alisoma namba kwa sauti mara mbili. Zimebaki kilo 40. Tulipofika nyumbani Mama aliingia ndani, akatoka na mbuzi ameifunga kwa kanga, akanikabidhi bila neno. Nimeiweka chini ya kiti cha mbele, kushoto, ambako ekseli bado ina nafasi, na nimeifunga kwa mkanda isigonge breki ikikazwa.