Nyamugo, Julai 2019: sampuli ilipochorwa upya

Mwezi Julai 2019 surua ilikuwa imekwisha kuenea Kongo (DRC) nzima. Serikali ilitangaza mlipuko tarehe 10 Juni, na hadi Januari ya mwaka uliofuata vifo vilivyoripotiwa vilipita 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Katika mji wetu wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, watu walizungumzia zaidi Ebola, kwa sababu mgonjwa wa kwanza wa Goma alithibitishwa tarehe 14 Julai na boti za kutoka Goma hutia nanga kwetu kila siku. Abiria walinawa maji ya klorini na kupimwa joto bandarini. Lakini katika taasisi ya utafiti wa afya ya umma nilikofanya kazi, chini ya chuo kikuu kimoja cha mji huu, jambo lililokuwa mezani ni surua: tupime ni watoto wangapi wa miezi 12 hadi 23 waliochanjwa kweli katika maeneo matatu ya afya ya mji, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira.

Nilikuwa asistanti wa upande wa data. Mkurugenzi, ambaye sote tulimwita Mama Prof, alikuwa bado mpya kwenye kiti. Alikuta protokoli, yaani mpango wa utafiti, imeandikwa, komite ya etiki (maadili ya utafiti) imeipitisha, mfadhili ametuma fungu la kwanza na wadadisi wamefundishwa. Kilichobaki ni sahihi yake kwenye hati za misheni, za kuwatuma wadadisi kazini. Alizisoma zote, akaziweka pembeni, akasema hatatia sahihi kabla ya kuijaribu protokoli hiyo Nyamugo, mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko.

Ili uelewe kwa nini, inafaa kujua namba za chanjo hutoka wapi. Kituo cha afya huhesabu dozi zilizotolewa, kisha hugawanya kwa idadi ya watoto wanaotarajiwa. Dozi zinaweza kuhesabiwa vizuri. Tatizo ni hao watoto wanaotarajiwa. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo namba hukuzwa kwa makadirio. Ukiikuza kwa asilimia 3 kila mwaka, namba ya 1984 inazidishwa mara 2.8 ifikapo 2019; ukiikuza kwa asilimia 4, inazidishwa karibu mara 4. Tofauti hiyo yote imetokana na asilimia moja tu ya makadirio, na bado hujawahesabu waliokimbia vita vijijini wakapanga chumba Panzi au Cimpunda. Ndiyo maana kituo kinaweza kuripoti asilimia 108 ya chanjo ya surua huku wodi ya watoto imejaa surua. Hakuna aliyedanganya. Kigawanyo ndicho kibovu, na dawa yake ni kwenda nyumba kwa nyumba.

Protokoli ilifuata njia ya zamani ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ile ya makundi 30 na watoto 7 kwa kila kundi. Wengi waliosoma afya ya umma miaka ya nyuma wanaijua kwa moyo. Unachagua maeneo 30 kwa uwiano wa idadi ya watu. Ukifika unasimama katikati, unazungusha kalamu au chupa, na inakoelekea ndiko unakokwenda. Unachagua nyumba ya kwanza kwa bahati nasibu, kisha unafuata mlango ulio karibu zaidi, na ule unaofuata, hadi utimize watoto 7. Jumla ni 210. Hesabu yake si ya kubuni: ukitaka kosa lisizidi pointi 10 za asilimia juu au chini unahitaji watoto 96, na kwa kuwa watoto wa kundi moja hufanana unazidisha mara mbili, unapata 192, na 7 mara 30 inatosha. Njia hii ilisaidia nchi nyingi wakati hapakuwa na ramani wala simu. WHO wenyewe waliiacha katika mwongozo wao wa 2018, kwa sababu nyumba hazipati nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Hilo linasomeka kama neno la darasani hadi ulione kwenye mlima.

Nyamugo nyumba zimepandana. Paa la mmoja liko usawa wa kizingiti cha mwingine, na kati yao ni vijia vya udongo ambavyo mvua huvigeuza mifereji. Timu mbili zilianzia sehemu moja, kila moja ikiwa na kalamu yake. Kalamu moja ilielekea juu, nyingine ilielekea chini, upande wa mto Kawa. Mama Prof alitembea na ile ya chini, bila kusema neno. Mlango ulio karibu zaidi, kwa mtu aliyesimama kwenye mteremko, ni ule unaofikika bila kushuka. Kwa hiyo timu ya chini ilijikuta inakata kando, nyumba baada ya nyumba, hadi ikarudi barabarani. Tulipoweka alama za GPS kwenye ramani, milango ya timu zote mbili ilikuwa imejipanga kandokando ya barabara. Hakuna mdadisi aliyevunja sheria hata moja.

Kisha Mama Prof mwenyewe akashuka. Kule bondeni alimwuliza mama mmoja aliyekuwa anafua kama amewahi kuwaona watu wa chanjo. Akajibiwa: “Batu ba chanjo habafikaka huku chini, mama.” Mtoto wake hakuwa na kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, wala kadi. Sampuli yetu isingemfikia kamwe, na ripoti ingesema Kadutu iko salama.

Mchana tukakaa kikao. Aliyeandika protokoli alikuwa mwenzetu mwenye cheo cha shefu wa kazi, mtu mzima, mwenye uzoefu mrefu wa tafiti za lishe. Hoja zake zilikuwa na uzito: njia hii inajulikana, matokeo yake yanalinganishika na ya tafiti za nyuma, na mfadhili ameikubali. Mama Prof hakumkatiza. Alipomaliza alimwambia, kwa jina la heshima tunalowaita wazee, “Papa, hesabu yako ya 210 ni sahihi. Ninachotaka tuangalie ni swali tunaloulizwa.” Akaenda ubaoni.

Aliandika hivi. Mwaka huo ratiba yetu ya kawaida ilikuwa na dozi moja tu ya surua, kwenye miezi 9. Dozi ya umri huo hukinga watoto karibu 85 kati ya 100 wanaoipata. Ili surua isimame, kinga katika jamii inapaswa kukaribia 95. Hata tukichanja watoto 90 kati ya 100, wanaokingwa ni 76 au 77. Kwa hiyo mganga mkuu wa eneo anahitaji kujua kama yuko kwenye 75 au kwenye 85, kwa sababu uamuzi wake unabadilika, na kosa la pointi 10 juu au chini haliwezi kuzitenganisha namba hizo. Akageukia kufanana kwa watoto: idadi ya watoto unaohitaji huzidishwa kwa 1 kujumlisha (watoto wa kundi kutoa mmoja) mara kiwango cha kufanana. Ukiongeza watoto ndani ya kundi lilelile unapata kidogo sana. Ukiongeza makundi unapata kingi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini taasisi kama yetu haiwezi kuongozwa na mtu wa kutia sahihi tu. Mfadhili, rekta (mkuu wa chuo), Divisheni ya Afya ya Mkoa, wote walitaka tarehe isisogee. Mkurugenzi asiyeweza kuandika mstari ule ubaoni angelazimika kumwamini aliyeandika protokoli, au kumkatalia kwa cheo. Yeye alimkatalia kwa hesabu, mbele ya wanafunzi, bila kumvunjia heshima, na ni yule papa mwenyewe aliyependekeza idadi ya makundi.

Tulifikia makundi 60. Kila kundi ni avenyu (mtaa mdogo wenye shefu wake) au sehemu ya avenyu, lililochaguliwa kwa uwiano wa orodha za maeneo ya afya, hata kama orodha hizo tunajua hazitimii. Ndani ya kila kundi, siku ya kwanza ni ya kuchora: mdadisi na shefu wa avenyu wanatembea mipaka yote, juu hadi mtoni, wanahesabu milango na kugawa kundi katika vipande vya nyumba zipatazo 40. Kipande kimoja kinachaguliwa kwa tarakimu za mwisho za noti ya faranga, shefu akishuhudia. Kisha nyumba zote za kipande hicho zinatembelewa. Kwa familia ya watu sita, mtoto wa miezi 12 hadi 23 hupatikana takriban kwenye nyumba moja kati ya tano, hivyo kipande hutoa watoto 8 hivi, na jumla ni 480. Kosa linashuka hadi pointi 5 hivi kwa mji mzima. Kwa kila eneo la afya peke yake kosa hubaki kubwa, na alisisitiza tuliandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Idadi ya vipande katika kila kundi iliandikwa pia, maana bila hiyo huwezi kumpa kila mtoto uzito wake katika hesabu, na orodha mbovu zingerudi kwa mlango wa nyuma.

Nyumba iliyofungwa haibadilishwi na ya jirani. Unarudi, mara ya pili na ya tatu, na mojawapo iwe jioni au Jumapili, kwa sababu akina mama wengi wa Kadutu hushinda sokoni. Ukichukua jirani aliyeko nyumbani umechukua mama mwenye nafasi ya kwenda kliniki.

Fedha zilitoka wapi? Aliondoa warsha ya ufunguzi hotelini na fulana. Aliondoa magari mawili ya kukodi, ambayo kwenye vijia vile yangesubiri barabarani kutwa, akaweka nauli za pikipiki. Posho ya wadadisi hakuigusa. Alisema mdadisi aliyepunjwa huanza kuruka milango.

Alimpigia mfadhili simu siku hiyohiyo, akaeleza ramani ya Nyamugo kabla ya kuomba siku za ziada, na akazipata. Komite ya etiki ilipelekewa badiliko la protokoli kwa maandishi. Hapo hakukubali njia ya mkato: hakuna mlango uliobishwa hodi kabla jibu halijarudi. Alitumia kungoja huko kurekebisha maelezo ya ridhaa, yaliyokuwa ya Kifaransa tu, yawe ya Kiswahili na ya Kimashi, lugha ya Washi wa kwetu, yasomwe kwa sauti.

Dodoso nalo lilibadilika. “Je, amechanjwa surua?” lilikuwa swali moja, na huchanganya dozi ya kliniki na ya kampeni, ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye kadi. Tuliligawa. Kwanza kadi, na kadi inapigwa picha. Kama haipo, daftari la kituo. Mwisho kumbukumbu ya mama, kwa kumwonyesha: matone ya mdomoni, sindano ya paja ya wiki 6, 10 na 14, sindano ya mkono ya miezi 9. Umri wa mtoto asiye na cheti tuliukadiria kwa kalenda ya matukio ya mtaa.

Kazi yangu kila usiku ilikuwa kutazama data zilizotoka kwenye simu. Mama Prof aliniambia nisitafute kwanza majibu ya ajabu, nitafute watoto waliopotea. Mdadisi anayepata mtoto mmoja kwenye kila nyumba 12, wakati wenzake wanapata kwenye kila nyumba 5, ana jambo: ama anaruka nyumba, ama anawaandika watoto wa miezi 22 kuwa na miezi 24 ili kukwepa maswali marefu. Hilo la pili huonekana haraka ukichora umri kwa miezi: kuna shimo kabla ya 24 na kilima baada yake. Wasimamizi walirudia nyumba moja kati ya kumi wakiuliza mambo matatu tu: nani anaishi hapa, mtoto ana umri gani, kadi iko wapi. Yeye mwenyewe alichukua makundi mawili ya bondeni.

Tukiwa huko alitusimulia juu ya watafiti wa Lwiro, kituo cha utafiti cha mkoa wetu, wa miaka ya 1960 waliopima rovu (uvimbe wa shingo) kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Kaskazini watu wengi walikuwa nalo, kusini-magharibi wachache, ingawa ukosefu wa iodini ulikuwa uleule pande zote. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapeleka kwenye muhogo, chakula kinachoweza kuuzuia mwili kutumia iodini. Wangeishia kwenye mwambao mmoja, alisema, wangeandika kwamba iodini inaeleza yote.

Ripoti ilitoka na namba iliyo chini ya ile ya vituo, na waliokosa dozi zote walikuwa wengi zaidi kwenye vipande vya chini kuliko vya kando ya barabara. Nakala za michoro, bila jina la mtu, alizikabidhi kwa mganga mkuu wa kila eneo la afya. Michoro hiyo ilikuwa na kazi ya mara moja. Chupa ya chanjo ya surua ina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6. Timu isiyojua idadi ya watoto mbele yake huogopa kufungua chupa kwa ajili ya watatu, au hufungua na kumwaga zilizobaki. Kipande cha nyumba 40 kina watu kama 240, na watoto wa miezi 6 hadi 59 ni karibu 18 katika kila 100: watoto 43, chupa 5. Timu za kampeni za Kadutu zilipangiwa kazi kwa vipande hivyo, zikianzia mtoni na kupanda.