Kaseti Tisa za Mzee wa Kuze

Mwaka 2008 nilikuwa nikipiga chapa barua za watu katika duka dogo karibu na Barabara ya Digo, mjini Mombasa: maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, wasia. Siku moja mama mmoja niliyezoea kumwandikia aliniuliza iwapo ningeweza kuandika maisha ya baba yake, katika kitabu kitakachotoka kwa jina la baba mwenyewe, ili wajukuu wamjue angali hai. Sikuwa nimewahi kuandika kitabu, lakini nilikubali papo hapo.

Mzee aliishi Kuze, Mji wa Kale. Ujanani alikuwa hamali wa Bandari ya Kale, akipakua tende na chumvi kutoka majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi, na kuyapakia boriti yalipokuwa yakisubiri kusi ili yarejee Uarabuni. Baadaye alihamia bandari ya Kilindini, akabeba mizigo katika genge la makuli hadi makontena yalipoingia na kreni moja ikawa inafanya kazi ya genge zima. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani, rekoda ikiwa mkekani kati yetu, kando ya birika la kahawa chungu. Kaseti tisa zilijaa.

Nilipomaliza sura tatu nilimsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akizungusha tasbihi vidoleni, na nilipofika mwisho akaniambia kwa upole, "Maneno mazuri, mwanangu. Lakini huyu bwana ni nani?"

Niliumia. Usiku ule nilirudi kwenye kaseti ya sita, mahali anapoeleza siku makontena yalipoanza kushushwa, nikamsikia akisema: "Naliyatazama makontena yale, mato yakanijaa matozi." Kwenye karatasi yangu palikuwa pameandikwa hivi: "Nilisikitishwa mno na ujio wa teknolojia ya kisasa bandarini." Sentensi hiyo haikuwa na kosa lolote la sarufi, wala haikuwa na mzee ndani yake. Nilikuwa nimemvika kanzu ya mtu mwingine. Lililonichoma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa Mombasa, niliyelelewa na nyanya aliyesema mtele badala ya mchele, na nti badala ya nchi, hadi siku yake ya mwisho. Ila shuleni tulifundishwa kuyaona maneno hayo kuwa makosa, na kwa miezi miwili nilikuwa nikiyasahihisha katika kinywa cha mtu aliyenikabidhi maisha yake.

Nilianza upya. Safari hii niliandika kila neno kama lilivyotamkwa, hata vituo vyake vya kunyamaza, kwa maana alinyamaza muda mrefu kila alipomkaribia katika masimulizi mwenzake aliyeangukia ndani ya ngama, tumboni mwa meli, na kimya hicho nilikuwa nimekiruka chote. Kwa kuwa baadhi ya wajukuu walikulia Nairobi, masimulizi niliyaacha katika Kiswahili sanifu chepesi, lakini kila palipokuwa na maneno aliyoyasema mwenyewe, kwa nahodha, kwa mnyapara au kwa marehemu mkewe, niliyaacha kwa Kimvita chake, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa. Kazi hiyo ilinichukua wiki tano, nami sikudai ujira wa ziada, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Niliporudi kumsomea, bintiye alikaa mlangoni na upawa mkononi, akasahau mchuzi jikoni. Nilifika pale mzee anapopanda ngazi ya meli na gunia la mtele begani, naye akainua mkono kunisimamisha.

"Hapo si kweli. Nalikwambia mtele, lakini nalisahau. Siku ile lilikuwa gunia la kahawa, kilo 60. Hata harufu yake naikumbuka."

Nilichukua kalamu, nikafuta mtele, nikaandika kahawa. Akainama kuhakikisha nimeandika.

"Haya," akasema, "endelea."