Mimi ni Gi, Marekani wakanigeuza Gai: tulivyomtafutia binti yetu jina

Jina langu ni Guy. Kwetu Bukavu, Kongo, naitwa Gi; hiyo u ya katikati imekaa tu kama mgeni asiyesema. Baba alinichagulia mwaka 1991 kwa hesabu zake: ni fupi, ni la Kifaransa, halimshindi mtu. Yeye alibatizwa Jean, akanyang'anywa jina hilo mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo Zaire nzima (Mobutu mwenyewe aliacha Joseph-Désiré), kwa hiyo ruhusa iliporudi mzee alikuwa na kiu. Angejuaje kwamba ningeishia Lewiston, jimbo la Maine, ambako Guy husomwa Gai, na gai kwa Kiingereza ni "jamaa" tu? Wiki zangu za kwanza kazini, msimamizi akiwasalimu watu wote "gais", mimi ndiye niliyekuwa nageuka.

Mke wangu ni Huguette. Kwao ni Iget. Hapa kila dirisha la ofisi lina lake: Hagwet, Hyuget, na siku moja kwa daktari wa meno, Hugo. Nilimsimulia baba kwenye simu, nikamwambia ajiandae, maana Jean wanaisoma Jin, akija kututembelea ataitwa jini. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

Basi mimba ilipofika miezi mitano na picha ikaonyesha msichana, tulikubaliana: jina liwe la Kifaransa, kwa ajili ya ubatizo na kwa ajili ya wazee, lakini mtoto asije akalitamka mara tatu kila anapofungua akaunti. Kuna rafiki aliyetuuliza kwa nini tusimpe la Kiswahili tukapumzika. Tulimpa, kama jina la pili: Neema. Waamerika wanasoma Nima. Hizo e mbili kwao ni i moja ndefu.

Mwanzo tulifanya kosa la baba, tukadhani ufupi ndio dawa. Tukaandika Lucie. Mwalimu wetu wa shule ya msingi angetoa ile u ya kubana midomo. Marekani ni Lusi. Bukavu mtaani ni Lisi. Si vibaya, ila binamu wawili tayari ni Lucie. Jina Mireille tulilifuta siku hiyo hiyo. Agathe nililipenda mimi, mpaka nikakumbuka kwamba th, ambayo Mfaransa anaitamka t, Mwamerika anaisoma kama ya "thamani". Ingekuwa mvulana, Théo angekuwa Thio na Thierry angekuwa Thieri. Bénédicte, jina la marehemu dada yake mama mkwe, lilikuwa na alama mbili juu ya e, na alama hizo hupotea njiani. Ile mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haina nafasi ya herufi yenye alama, ni A hadi Z peke yake. Mama mkwe hakutaka kusikia habari za mashine. Nilimwachia Huguette kesi hiyo, mama ni wake.

Tuliyobaki nayo niliyaandika kwenye karatasi, majina tisa, nikaenda nayo kazini. Wakati wa chakula nikawapa wenzangu wasiojua Kifaransa, mmoja mmoja: soma kwa sauti, usifikirie. Jioni Huguette aligeuza mtihani, akawatajia watu majina wao wayaandike. Huu wa pili ndio uliotufumbua macho. Odile lilirudi limeandikwa kama "O'Deal", Mwairishi kabisa. Solange wengi walilipatia, nadhani kwa sababu ya yule mwimbaji, dada yake Beyoncé, na Céline wote walilipatia kwa sababu ya Céline Dion. Lakini Huguette hakutaka mtoto aimbiwe wimbo wa meli inayozama maisha yake yote.

Mtu aliyenisaidia kufikiri vizuri ni bibi mmoja tunayekaa naye benchi moja kanisani. Wazee wake walitoka Quebec kuja kwenye viwanda vya nguo vya hapa Lewiston, kama maelfu ya wenzao. Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza, na bibi anasema nyumbani kwao Kifaransa kilibaki cha jikoni. Jina la ukoo wake analitamka kwa namna mbili, moja kanisani, nyingine benki. Nikamuuliza haimuudhi? Akanijibu kwamba hapa Maine kuna mji unaoandikwa Calais na wenyeji wanauita Kalas, na hakuna aliyepotea njia. Kisha akaniuliza: hilo jina likishaharibiwa, bado utaligeukia?

Nilirudi nyumbani nikaipitia karatasi upya kwa swali hilo. Mpaka hapo tulikuwa tunatafuta jina ambalo Mwamerika angelipatia, na lingine la kumfurahisha mama mkwe. Sasa tukaanza kutafuta jina ambalo makosa yake tungeyavumilia. Delphine lilikuwa la sita kwenye orodha, halina mtu wa kulipigania. Halina r ya kooni, halina u ya kubana, halina sauti ya puani, na ph kila mtu anaijua kuwa f. Kati ya wasomaji wangu tisa, saba walisema Delfin, i wakiivuta kidogo. Wawili walisema Delfain. Tulijaribu kuliita hivyo sebuleni, Delfain njoo ule, Delfain acha hiyo. Huguette akasema huyo naye ni mtoto wa watu.

Kilichobaki ni Bukavu. Mama mkwe alipokea simu, akasikiliza, akasema, "Delfina." Tukamwambia ndiyo, mama. Hatukumsahihisha. Bénédicte wake mama mkwe alimpata mwaka uliofuata, kwa mtoto wa shemeji yangu.

Sasa ana miaka minne, na watu wa kwetu wananiita Papa Delphine. Mwezi uliopita tulikwenda kliniki, yeye kwa chanjo, mimi kwa presha. Muuguzi akachungulia mlangoni na karatasi yake, akasita, akasema, "Delfain?" Mtoto alikuwa ameshashuka kwenye kiti kabla sijainua kichwa. Mimi nilikaa dakika kumi zaidi, wakaita "Gai", na wanaume watatu tukatazama.